Kulala kwa Mwani

Saa moja na robo asubuhi maji ya bwawa la nne yalikuwa meupe, kama maji yaliyooshewa mchele. Jana yake asubuhi yalikuwa kijani. Kwa hesabu ya Mi Caifeng, mtafiti wa shamba hili la mwani, leo yalipaswa kuanza kuwa mekundu.

Alichota kidogo, akaingia bandani kwenye darubini. Mwani huu ni chembe moja moja, ndogo mno kwa macho. Ukishiba huwa kijani na huogelea kwa mikia miwili. Ukinyimwa chakula hudondosha mikia, huvaa ganda nene na kutulia. Hapo ndipo hutiwa dawa, asidi ya salisili, nao kwa kujihami hujaa ile rangi nyekundu ambayo viwanda vya vidonge huitafuta kwa ajili ya kulinda mwili. Huko kutulia, hapa shambani Chenghai tunakuita kulala. Chembe zikitiwa dawa kabla hazijalala, hufa.

Chini ya lenzi hapakuwa na ganda hata moja. Kulikuwa na ngozi zilizopasuka.

Qiao Defu, mtunza mabwawa, alikuwa mlangoni akila tambi za mchele.

"Kaka Qiao, jana kwenye simu uliniambia zimelala."

"Zililala, dada. Chini kabisa. Maji ya juu yalitakata, ungeweza kuchemshia chai."

"Chini?"

"Umeme si ulikatika. Pampu ya hewa ikazima, zote zikatua. Ukasema kama zimelala tia dawa, nikatia."

"Mikia je?"

"Mikia niione kwa macho haya? Hata wa paka wangu nauona nikishaukanyaga."

Caifeng hakucheka. Mbegu ya mwani huo aliikuta mwenyewe kwenye shimo la jiwe nyuma ya nyumba ya mama yake, akaikuza miaka sita. Mkurugenzi Tan alitaka shamba zima lipandwe mbegu ya kutoka nje. Alikuwa amemwachia Caifeng bwawa moja: likiwa limeanza kuwa jekundu siku ya ukaguzi, mbegu ya hapa itabaki. Ukaguzi ulikuwa leo.

"Tuongeze maji safi?" Qiao aliuliza.

"Dawa imeshaingia ndani ya chembe."

"Chakula basi."

"Atakula nani?"

Hata hivyo alichota kila pembe ya bwawa na kupima. Majibu yalikuwa yale yale.

Tan alifika kabla ya chakula cha mchana, akainama juu ya maji.

"Mwalimu Mi, hii ndiyo nyekundu yako?"

"Dawa ilitiwa mapema. Mbegu haina kosa."

"Inawezekana."

"Niliyemwaga ni mimi, mkurugenzi," Qiao alisema.

"Mzee, sijauliza nani kamwaga. Nauliza nyekundu iko wapi."

"Nina chupa za mbegu maabara," Caifeng alisema. "Nipe bwawa hili mara moja tena."

"Mbegu ya nje inafika kesho. Niiweke wapi, sebuleni kwangu? Na hizo chupa nazo zitoke, rafu zinahitajika."

Caifeng alijaza glasi moja ya maji ya bwawa, akarudi kwenye darubini. Tan alisubiri. Caifeng alitazama tone la kwanza, la pili, la tatu. Hakuna kilichoogelea, hakuna kilichovaa ganda.

Alitoka, akamkabidhi Qiao ufunguo wa bomba la chini la kutolea maji bwawani. Qiao alimtazama, kisha akapiga magoti na kulifungua. Maji yakaanza kushuka.