Winchi Atoa Uzito Wake

Ghalani walimwita Winchi, jina la mashine ya kuinulia mizigo, kwa kuwa katika ujana wake hakungoja mtu amshikie ncha ya pili ya gunia. Sasa mgongo ulikuwa umepinda kama msumari uliong'olewa ubaoni, lakini jina lilibaki limesimama wima. Asubuhi hiyo alikaa ukingoni mwa kitanda cha mazoezi, katika chuo kinachofundisha tiba ya viungo, akijifanya mgonjwa aliyepooza upande wa kushoto.

Aliyemleta ni binti yake, kitindamimba, mwembamba kama ufito. Alikuwa ameshafeli mara moja mtihani wa kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Akifeli tena, chuo kinamfungia mlango. Wenzake walikuwa wametawanywa hospitali za mbali kwa mazoezi, na sheria ya mtihani ilitaka mgonjwa wa kuigiza awe mtu mzima, tena mzito kuliko anayemhamisha.

"Sheria hiyo imetungwa na watu wasiowahi kubeba hata ndoo," Winchi alinung'unika.

"Baba, tafadhali. Kumbuka mkono wa kushoto haufanyi kazi."

"Nimesikia. Nimepooza, sijawa kiziwi."

Kwa wakubwa Winchi alikuwa na kinyongo kisichooga wala kulala. Mkewe alipougua, hospitali ilimrudisha nyumbani na agizo moja: ageuzwe mara kwa mara asipate vidonda. Ageuzwe vipi? Aliyetoa agizo alishaingia chumba kingine. Basi Winchi akamgeuza kwa ujuzi aliokuwa nao, yaani wa magunia: anamtia mikono makwapani, anajipinda, anavuta. Mama wa watu akavumilia, mpaka siku za kuvumilia zikaisha. Tangu hapo mgane huyu hakuegemea mtu wala ukuta, na bomba la mtaani likikauka, kosa ni la wakubwa; mvua ikizidi, ni la wakubwa hao hao.

Mkufunzi akaingia, mama wa makamo, miwani ikining'inia kifuani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mkubwa wa hapa?"

"Mimi ni mkufunzi tu."

"Ndivyo mnavyosema wote. Kitu kikiharibika, mkubwa hayupo. Hebu tazama dari lile!" Akanyoosha mkono kulionyesha.

"Mzee, mkono huo umepooza."

Winchi akautazama mkono kana kwamba ni wa jirani. "Umepata nafuu kidogo."

"Urudishe kwenye ugonjwa, tuanze."

Binti alifunika uso kwa kiganja, kisha akaanza kazi. Akasogeza kiti upande wa kulia wa baba yake, upande wenye nguvu. Akafunga breki, akakunja vikanyagio, akamzungushia mkanda mpana kiunoni. Akapanua miguu, akakunja magoti, mgongo wake ukabaki umenyooka.

"Inama mbele, baba. Pua ipite vidole vya miguu. Nikisema tatu, tunainuka pamoja. Moja..."

Kabla ya mbili, Winchi aliruka kama mtu aliyekalia mwiba, akageuka mwenyewe, akajibwaga kitini na kumburuta binti kwa mkanda ule ule.

"Mmeona wepesi?" alisema kwa fahari.

"Nimeona mgonjwa akimhamisha mwanafunzi," mkufunzi alijibu bila kucheka. "Narudia mara moja tu. Ukimsaidia tena, mzee, anakwenda nyumbani."

Winchi alifungua kinywa awaseme wakubwa wote kuanzia wa chuo kupanda juu, lakini akamwona binti anarekebisha mkanda aliomburuta nao. Akakifunga. Akarudi kitandani kimya, jambo ambalo hata kuta zingelishangaa.

"Baba," binti alisema chinichini, "mara ile nilifeli kwa sababu niliinua kama wewe. Mgongo upinde, pumzi nibane, nguvu zote makwapani mwa mtu. Mwalimu aliniuliza nani kanifundisha, sikukutaja. Nimejifunza upya. Niachie."

"Nitakuvunja, mama. Mimi mzito."

"Uzito wako naujua tangu nizaliwe. Nipe."

Akahesabu. Kwenye tatu, Winchi akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya ghalani wala nyumbani: akajiachia. Magoti ya binti yalizuia magoti yake, mkanda ukamkaza kiuno, na mwili ukainuka bila yeye kuutuma. Kumbe hivi ndivyo! Hakuna kwapa lililovutwa. Akawaza kwamba mkewe angeweza kuinuliwa hivi kila siku, na wazo hilo likampiga kwenye goti lake bovu, lile la kulia, lililochoshwa na magunia. Goti likasalimu amri.

Mkono ukataka kudaka ukingo wa kitanda. Akauzuia.

"Tunashuka, baba," binti alisema, kwa sauti ya mtu anayekaribisha mgeni. Hakung'ang'ana kumshikilia. Alirudisha mguu mmoja nyuma, akamteremsha taratibu juu ya paja lake, hadi Winchi akajikuta amekaa sakafuni kama mtoto, kichwa kimeegemea bega la kitindamimba wake.

"Kuna panapouma?"

Winchi alitaka kusema hapana, kama kawaida. "Panauma," alisema. Na hakueleza ni wapi.

"Pumzika kwanza. Hatuna haraka."

Lakini haraka ilimrudia alipomwona mkufunzi anaandika. "Wewe mama! Goti ni langu! Usimwandikie mtoto kosa la goti langu! Kama ni kufelisha, nifelishe mimi!"

"Mgonjwa wa kweli huishiwa goti," mkufunzi alisema. "Wengi humng'ang'ania, wakaanguka wote wawili. Huyu amekushusha salama, na mgongo wake uko salama. Amefaulu. Ila wewe mzee, usirudi tena hapa. Hufai kwa ugonjwa."

Binti alicheka huku akifuta macho. Akaleta kigoda, akamwelekeza baba yake aegemee, apige goti, kisha ainuke polepole, yeye akishika mkanda tu. Winchi akainuka, akajipangusa suruali, kisha, bila kuulizwa, akakalia kile kiti cha magurudumu.

"Mtihani umekwisha, baba. Shuka."

"Nani kasema nashuka? Nisukume mpaka getini."

Akamsukuma. Ukumbini watu walipisha njia, na Winchi, mikono yote miwili mapajani, uzito wake wote kitini, aliwasalimia kulia na kushoto kama bwana harusi, akiwalaani wakubwa kwa kila kigae kilichopasuka.