Mahali Alipolala Batula

Mgeni alifika Alhamisi mchana, jua likiwa utosini, fimbo begani na kibuyu cha maziwa mkononi. Ndala zake za tairi zilikuwa zimepauka kwa vumbi la safari. Alisimama nje ya uzio wa kanisa, hakuingia, mpaka Rebecca alipomwendea.

"Natafuta mama Rebecca," alisema. "Mimi naitwa Dukicha. Mtoto wa Batula."

Batula alikuwa bibi wa Kiorma aliyeletwa kwa mtumbwi wakati wa mafuriko, mto Tana ulipomeza mashamba yote na kukibakiza kilima hiki tu cha kanisa. Alilala kwenye benchi la mbele siku nne, kifua kikimkoroma. Siku ya tano alimshika Rebecca mkono, akamwambia mwanawe yuko mbali na ng'ombe. Akija, aonyeshwe mahali mamake alipolala. Rebecca akaitikia. Wanawake wawili wa Kiorma walimwosha, na wanaume wao wakamzika ubavuni mwa kanisa, maana udongo mkavu mwingine haukuwako.

"Wale mama walimwosha wamesema wewe ndiyo najua mahali," alisema Dukicha.

Rebecca hakugeuza shingo. Nyuma yake, juu ya kaburi lile, lori lilikuwa limemwaga kokoto za ukarabati wiki iliyopita. Kijiti cha alama kilishaliwa na mchwa. Jioni ile aliporudi kutoka shambani na kuliona rundo, alinyamaza, akijiambia atasema kesho. Kesho ikawa leo.

"Rudi Jumatatu, mwanangu," alisema. "Nitakuonyesha."

Dukicha alimwachia kibuyu cha maziwa, akarudi Garsen alikofikia kwa jamaa zake.

Jumapili, baada ya ibada, waumini walibaki kuamua. Mpango ulikuwa kulipanua kanisa kuelekea upande wa kokoto na kuinua sakafu, ili maji yakirudi kila mtu apate pa kujinyoosha. Rebecca mwenyewe ndiye aliyeutoa, bila kuchagua upande, kwa kuwa hakuweza kuwasahau watoto waliolala wamekaa. Sasa alisimama kuupinga.

"Kuna kaburi pale," alisema, akaeleza yote, hata kunyamaza kwake.

Jasper, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, alimsikiliza akijikuna kidevu. "Mama Rebecca, kaburi lenyewe halina hata jiwe. Na yule bibi hakuwa wa kwetu. Wafu hawanyeshewi. Wanaonyeshewa ni walio hai."

"Kweli," mtu akaitikia nyuma.

"Nilimwahidi."

"Uliahidi kumwonyesha kijana. Basi mwonyeshe ukuta, umwambie mamake yuko chini yake."

"Jasper, mamako alilala benchi moja na yule bibi. Blanketi lilikuwa moja."

Jasper alitazama sakafu kidogo, kisha akajikaza. "Nyuma yetu ni mto, mbele ni bonde. Hapa kilimani umebaki upande wa nyumba yako tu, mama. Au tukajenge jikoni kwako?"

Watu walicheka, hata wanakwaya. Rebecca alingoja kicheko kiishe.

"Jengeni," alisema.

Mchungaji Josiah aliinua uso kutoka kwenye Biblia yake. "Mama, ukihamia kule chini bondeni maji yatakufikia wewe kwanza."

"Yakinifikia nitakuja kulala kanisani. Si ndiyo maana tunajenga?"

Hakuna aliyecheka tena. Mikono iliinuka mmoja mmoja. Wa Jasper ulikuwa wa mwisho.

Jumatatu alfajiri vijana walianza kung'oa mabati ya nyumba ambayo Rebecca aliijenga na marehemu mumewe miaka thelathini iliyopita. Bila paa, kuta za udongo zilionekana fupi, kama za mchezo wa watoto. Hakukaa kutazama. Alichukua koleo akaenda kwenye kokoto, akamkuta Jasper ameshafika, amevua shati, anachota. Hawakusalimiana. Walichota mpaka udongo ukaonekana.

Dukicha alifika saa nne. Mawingu mazito yalikuwa yametanda upande wa mto. Alizitazama kuta zisizo na paa.

"Mama, unahama?"

"Nahamia kule chini."

Aliangalia bondeni, kwenye michikichi iliyobaki na alama ya mafuriko kimo cha kifua cha mtu. Alifungua kinywa, lakini Rebecca alikuwa ameshatangulia.

"Hapa," alisema. "Kichwa kiko upande huu, wa mashariki."