Geti Lililomjua Kanyange

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya vilima, na Salvator alikuwa barazani akipiga viatu rangi. Kimoja kilikuwa kinang'aa tayari, kingine bado kina vumbi jekundu la Rebero. Geti likalia kidogo, likajisogeza kando, na ile sauti ya kike iliyomo ukutani ikasema, "Karibu nyumbani, Kanyange." Taa ya jikoni ikawaka, ile ya manjano, maana Kanyange hakupenda taa nyeupe. Alisema inaifanya nyumba ionekane kama wodi, na wodi alizijua, alikuwa muuguzi maisha yake yote. Maji ya kuoga yakaanza kupata moto. Kisha Kanyange mwenyewe akaingia, akavua ndala mlangoni, akamtazama mumewe.

"Baba Sangwa, hiyo rangi unapaka kiatu ao unapaka sakafu?"

"Napaka vyote. Leo umechelewa."

"Kule iko foleni."

Salvator hakuuliza foleni ya nini. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliopita, karibu na Pasaka, na tangu hapo hakupenda kuulizwa habari za kule. Alikaa kwenye kiti chake, akainusa chai bila kuinywa, akasimulia nani kamwona na nani kanenepa. Kukishakuwa giza kabisa, aliondoka. Geti likamfungulia tena, likamtakia safari njema.

Kosa, kama ni kosa, lilifanyika siku ya kuanua matanga. Ndugu walikusanyika uani, wakanywa, na mzee wa ukoo, Nizeyimana, akasimama kuviachilia vyote vilivyokuwa kwenye msiba. Aliwaachilia watu warudi makazini. Akaliachilia jembe lirudi shambani. Akamtaja hata fahali wa Bugesera, aliyekuwa ametengwa na majike tangu mazishi kama desturi ya zamani inavyotaka. Hakusahau kitu ambacho babu yake angekikumbuka. Lakini babu yake hakuwa na geti la umeme, kwa hiyo geti halikutajwa. Watu wakatoka kwenye kilio, geti likabaki. Likaendelea kumngoja Kanyange kila magharibi, naye alipoona anangojwa, akawa anarudi.

Majirani walizoea upesi. Winifred wa nyumba ya pili, aliyekulia Tanzania, alikuwa anamsalimia juu ya ukuta.

"Mama Sangwa, habari za huko?"

"Za huko nzuri. Hizo nguo zako zitaloa, anua."

Na kweli mvua ilinyesha.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, watu walikaa kwenye nyasi walizokuwa wamezifyeka wenyewe, wakamsikiliza Benon. Benon alikuwa mwenyekiti wa kamati ya nyumba zile. Alikulia Kampala, alivaa viatu vyeupe hata siku ya kuzibua mitaro, na katika mitaro hiyo hakuna aliyemwona akishuka.

"Ndugu zangu, ile programu ya kijani kwenye simu zenu inazimwa," alisema. "Kampuni imeleta mpya, iko nyeupe. Taa, geti, maji ya moto, vyote vinahamia huko. Ni lazima. Asiyehama, nyumba yake haitamjua."

Salvator alisimama na panga lake mkononi.

"Ya kijani imekosa nini?"

"Haijakosa kitu, muzehe. Imezeeka."

"Na mimi nimezeeka. Mtanizima lini?"

Watu walicheka. Benon naye akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi.

"Muzehe, hii ni maendeleo. Wakubwa wamekaa, wameona."

"Wakubwa kila siku wanakaa. Siku watakayosimama ndiyo watatuona na sisi."

Hakuwa mtu wa shule. Aliishia darasa la nne huko Ngozi, akaendesha malori ya maghala ya Masoro mpaka macho yakamgomea. Alizaliwa ukimbizini, na tangu hapo hajawahi kuhamishwa na watu wa ofisini akafika salama na kila alichokuwa nacho. Daima kitu kimoja kilibaki njiani, na daima kilikuwa kile alichokipenda.

"Halafu kwako iko shida kidogo," Benon aliendelea, akitazama simu yake. "Anayehamisha ni mwenye nyumba. Na kwenye sistemu mwenye nyumba siyo wewe, ni Mama Sangwa. Mwambie afike ofisi ya kampuni, Kimihurura. Wanapiga sura tu, haichukui muda."

"Anakuja jioni tu."

"Basi mwombe aje mapema."

Salvator alimwomba. Kanyange hakupenda mchana, ulimchosha, lakini alivaa ile mushanana ya bluu, vazi la sherehe la kufungwa begani, aliyozikwa nayo, wakateremka hadi barabarani. Walichukua pikipiki mbili. Mwenye pikipiki alimpa Kanyange helmeti, akamwambia ashike vizuri, kisha akalalamika njia nzima kwamba abiria wake ni mwepesi mno, pikipiki inayumba.

Ofisini kulikuwa na viti laini na jagi la maji lililotiwa vipande vya limau. Binti wa mapokezi, Trinah, aliwapokea kwa heshima, akamkalisha Kanyange mbele ya kamera.

"Angalia hapa, mama. Usicheke."

"Nitacheka nini?"

Sura ikakubaliwa. Trinah akaingiza namba ya kitambulisho, akangoja. Kisha akaisogeza kompyuta upande, kama mtu anayetaka kuona vizuri zaidi.

"Pole sana, mama. Hapa inasema ulifariki."

"Ni kweli," alisema Kanyange.

"Basi haitawezekana. Ile nyeupe inauliza serikalini kama mtu yuko hai. Akiwa hayuko, inakataa."

"Lakini ya kijani inamjua!" Salvator alidakia. "Kila jioni inamfungulia. Inamwita kwa jina!"

"Ya kijani haikuwa inauliza, muzehe."

Alisema hivyo bila ubaya wowote. Aliwaeleza taratibu, hata akawamiminia maji. Kanyange hawezi kuwa mwenye nyumba. Hawezi kuandikishwa hata kama mgeni, kwa sababu mgeni naye lazima awe na namba ya simu, na ya kwake kampuni ya simu ilishampa mtu mwingine. Nyumba ingeweza kuhamia kwa Salvator. Lakini jina la Kanyange litolewe kwanza, na likishatoka halirudi.

"Na nisipolitoa?"

"Ile ya kijani ikizimwa, nyumba itakosa mwenyewe. Itajifunga. Hautaingia wewe, hataingia yeye."

Trinah aliweka simu mezani. Kwenye kioo palikuwa na picha ndogo ya Kanyange, ile ya zamani, amesukwa nywele. Chini yake palikuwa na kidude chekundu. Salvator alikitazama, akaviweka viganja vyake chini ya mapaja yake kama mtoto anayeogopa kuchapwa mikono.

"Mimi sibonyezi."

"Muzehe, nje iko watu wanangoja."

"Wangoje. Nani alimwomba bosi wako atuletee hii? Nani aliuliza sisi? Mtu anaolewa kanisani, mbele ya padri, leo nimtoe kwa kidole? Nenda kamlete bosi abonyeze yeye, halafu anitazame usoni."

"Bosi iko Dubai."

"Bila shaka iko Dubai. Hawakosi pa kwenda."

Kanyange akanyoosha mkono, akamgusa mumewe begani, na mkono ule haukuwa na uzito.

"Baba Sangwa. Mvua za masika zimefika. Utalala wapi?"

"Nitalala popote. Nimelala kwenye lori miaka na miaka."

"Ukiwa na mgongo. Sasa huna mgongo, una kuni." Akamgeukia Trinah. "Binti yangu, ni hapa?"

"Hapo, mama."

Kanyange akabonyeza mwenyewe. Programu ile, iliyokuwa imekataa kwamba yuko, ilikikubali kidole chake bila kuuliza lolote. Picha yake ikafifia, ikaondoka, na mahali pake ikaja ya Salvator, mdomo wazi, amepigwa bila kujua.

"Hongera," alisema Trinah, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kusema.

Walirudi Rebero mwanga ukianza kufifia. Pikipiki ya Salvator ilitangulia. Alipokaribia, geti likajisogeza, na sauti ikasema, "Karibu nyumbani, Salvator." Ilikuwa sauti nyingine, ya kijana, yenye haraka. Aliingia, akageuka kumngoja mkewe, na geti likafunga nyuma yake. Kisha ukutani kikaangaza kioo kidogo: Kanyange amesimama nje, amenyanyua pindo la mushanana lisiguse tope. Chini yake maneno: Mtu asiyejulikana.

Salvator alifungua upesi. Geti likasogea, na hapakuwa na mtu, ni barabara tu na pikipiki zinazoteremka kilima. Alipofunga, akasikia nyayo za Kanyange upande wa pili.

"Uko hapo?"

"Niko hapa."

Akafungua tena. Hapakuwa na mtu. Alifungua na kufunga mpaka sauti ikamwonya kwamba anaharibu mota.

"Acha, Baba Sangwa," alisema Kanyange kupitia bati la geti. "Likifunguka, limekufungukia wewe. Mimi siwezi kupita kwenye mlango wa jina la mtu mwingine."

"Mimi siyo mtu mwingine!"

"Kwa geti, ndiyo."

Salvator akakaa chini palepale, kwenye saruji, mgongo kwenye bati. Akamsikia mkewe naye akikaa, kitambaa kikisugua ukuta. Ndani ya nyumba taa zote ziliwaka zenyewe, nyeupe pe, chumba baada ya chumba, na maji ya kuoga yakapata moto bila mwogaji. Walibaki hivyo mpaka giza likaingia vizuri, wakiongea mambo ya kawaida: Sangwa, binti yao wa Kanada, kama amepiga simu, mpera kama umezaa. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa.

Baada ya siku chache Winifred alionekana akikaa chini nyuma ya geti lake, na kanga mabegani. Salvator alimwona juu ya ukuta, akamsalimia, wala hawakuulizana.

"Mama Sangwa," Salvator aliita kwa sauti ya chini. "Huko nje uko na nani?"

"Tuko wengi."

"Wengi vipi?"

"Wengi, mpaka kule kwenye kona. Mama yake Winifred yuko hapa, analalamika magoti. Huyu mwanajeshi wa nyumba ya juu yuko. Yuko hata mtoto wa wale wa ghorofa, anacheza na kokoto. Sikujua mtaa wetu una watu hivi. Ya kijani ilikuwa inatuingiza mmoja mmoja, hatukuwahi kuonana."

Benon alipokea malalamiko kuhusu watu wasiojulikana wanaosimama barabarani kila magharibi, akaagiza taa kubwa iwekwe kwenye kona. Taa ilikuwa nyeupe. Haikumfukuza mtu.

Jioni moja simu ya Salvator ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa kamati kwa nyumba zote. Aliusoma polepole, kidole chini ya kila neno. Uliwashukuru wakazi kwa ushirikiano na uvumilivu wao, ukasema uhamisho umekamilika, na kwamba hakuna hata mmoja aliyeachwa nyuma.

Salvator akaizima simu, akaiweka kwenye saruji, kioo chini. Akasikiliza. Upande wa pili mtu alikohoa, mwingine akacheka kidogo.

"Huko iko baridi?" aliuliza.

"Iko," alisema Kanyange. "Lakini tumesogeleana."