Posa Wakati wa Habari za Saa Saba

Mugendi aliingia kwa Mzee Mwirichia akiwa na hoja tatu kichwani na jasho kwenye kola. Nyuma yake alikuja mjomba wake, Mbogo, amekumbatia kiondo kilichofunikwa kwa majani ya mgomba. Walikuwa wametoka Ishiara alfajiri, na sasa walikuwa Kangeta, nyumbani kwa Kagwiria, msichana ambaye Mugendi alitaka kumwoa.

Asubuhi hiyo Kagwiria alikuwa amempigia simu kumwonya. Baba yake alikuwa amesema hataki mkwe wa vitani. Na Jumatatu Mugendi alipaswa kupanda ndege kurudi Lebanoni.

Kwa Waigembe, wenyeji wa Kangeta, posa hufunguliwa kwa kibunda cha miraa, vile vijiti vya kutafuna. Baba wa msichana akikipokea, mazungumzo yameanza. Akikirudisha, mgeni hunywa chai yake na kuaga. Hakuna rufaa.

Mugendi alikuwa fundi wa jenereta katika hospitali moja ya Tripoli, mji wa kaskazini mwa Lebanoni. Alikuja likizo vita vikiwa vimepamba moto, na tangu atue kila mtu alimtazama kama mfu aliyefufuka. Kanisani Ishiara walimwombea kwa jina. Sokoni walimwomba awaonyeshe jeraha, na alipokosa la kuonyesha wakaondoka wamenuna.

Mwirichia aliwakaribisha kwa Kiswahili, kwa sababu Kimbeere cha Mbogo na Kiigembe chake hugongana njiani. Alikuwa mkulima wa miraa na hakukosa taarifa ya habari hata siku ya mavuno. Alijua majina ya makombora kama alivyojua majina ya mashamba ya jirani. Kabla chai haijamiminwa, alikuwa amemweleza Mugendi vita vilikoanzia, vilikofika na vitakakoishia. Mugendi aliitikia kwa adabu. Vingine alikuwa akivisikia kwa mara ya kwanza.

Saa saba ilipogonga, mzee aliinua rimoti na nyumba nzima ikanyamaza. Jengo lilianguka kwenye runinga, vumbi likapanda. Msomaji wa habari akaendelea kusoma. Jengo likaanguka tena. Baadaye kidogo likaanguka tena.

“Matatu,” alisema Mwirichia. “Na huko ndiko unakorudi.”

“Ni jengo moja, mzee. Tazama lile tangi jekundu juu ya paa. Na hapo ni kusini. Mimi niko kaskazini.”

“Kusini, kaskazini. Nimeona ramani. Nchi yote haifiki kutoka hapa hadi Nairobi.”

Mugendi alitoa hoja ya kwanza, kwamba mji wake haukuwa uwanja wa vita. Akatoa ya pili, kwamba mkataba wake ulibakiza miezi michache tu. Alipofungua kinywa atoe ya tatu, mzee aliinua mkono.

“Kijana, wewe unamtaka binti yangu. Runinga haitaki chochote kwangu. Sasa nimwamini nani?”

Hoja ya tatu ilikufa hapo hapo. Kagwiria, aliyekuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai, aliinamisha macho. Mbogo aliona mambo yanaharibika na akaamua kuyaokoa. Alikisukuma kiondo katikati ya meza na kuyafunua majani ya mgomba kwa fahari.

Hapakuwa na kibunda. Hapakuwa na kijiti hata kimoja. Kiondo kilijaa majani machanga, laini, yaliyochumwa yakiwa bado na umande.

Mama Kagwiria alijiziba mdomo kwa leso. Mugendi alimgeukia mjomba. Alikuwa amemwachia mjomba kazi ya kutafuta miraa, na mjomba alikuwa amechuma muguka shambani kwake, aina ya kwao ambayo hutafunwa majani.

“Hii ni nini?” aliuliza Mwirichia.

“Miraa ya kwetu,” alijibu Mbogo. “Nimeichuma kwa mkono wangu. Haina vijiti vya kukusumbua meno.”

“Huu ni muguka.”

“Si yote ni ndugu?”

Mwirichia alisimama. Alisema kwamba hayo ndiyo maneno yaliyomnyima usingizi mwaka huu. Muguka ulipopigwa marufuku huko Pwani, runinga ilitaja muguka lakini ikaonyesha shamba la miraa. Tena shamba la hapa Kangeta. Alilitambua kwa miti yake. Wanunuzi walimpigia simu wakiuliza kama biashara imekwisha. Yeye naye alipiga simu kituoni mpaka salio likaisha, na hakuna aliyesahihisha neno.

Mugendi aliweka kikombe chini.

“Kwa hiyo runinga ilikosea, mzee?”

“Ilikosea vibaya sana.”

“Na haikutaka chochote kwako.”

Mama Kagwiria aliangua kicheko akiwa bado ameshika leso mdomoni. Mwirichia alimtazama mkewe, akaitazama runinga, kisha akaketi polepole.

“Umenishika,” alisema. Akaizima. “Haya. Niambie ambayo hawakuonyesha.”

Maneno yalimtoka Mugendi kama maji ya mfereji uliozibuliwa. Alieleza jinsi magari yalivyofurika kutoka kusini na magodoro yamefungwa juu ya paa, godoro juu ya godoro, mpaka barabara ikafanana na duka la magodoro linalotembea. Shule ziligeuzwa mabweni. Waoka mikate walipitisha mikate dirishani bila kuuliza jina la mtu. Bibi mmoja alifika na mtungi wa gesi mkono mmoja na kasuku mkono wa pili, na kasuku alitukana kila aliyepita. Watoto walicheza mpira kwenye ukumbi ulio kando ya jenereta yake kwa sababu palikuwa na joto. Yeye mwenyewe aliachia familia moja kitanda chake.

Mbogo alisahau chai yake. Mwirichia alikuwa ameinamia mbele kama anayetazama fainali.

“Na wewe?” aliuliza. “Hakuna kilichokufikia?”

Jibu jepesi lilikuwa tayari mdomoni. Mugendi alimtazama Kagwiria, akalimeza.

Alisema kwamba alfajiri moja kishindo kilipiga karibu na hospitali. Vioo vya karakana vilimwagika na jenereta ikazima. Orofa ya juu kulikuwa na wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Alipanda, akashuka, akafungua, akafunga. Spana ilimponyoka gizani, akaipapasa chini mpaka akaipata. Taa ziliporudi alisikia wauguzi wakipiga makofi juu ya kichwa chake. Siku hiyo runinga ya nyumbani ilionyesha mji mwingine, na nyumbani wote wakalala wakiamini yu salama.

“Siku hiyo uliniambia umeshinda ukila zabibu,” alisema Kagwiria.

“Nilizila. Baadaye.”

Hakuna aliyecheka. Mwirichia alisema waziwazi kwamba kama uamuzi ni wake, angekataa sasa kwa nguvu zaidi kuliko dakika tano zilizopita. Lakini anayeolewa ni Kagwiria, na mwenyewe amesikia.

Kagwiria aliiweka chupa ya chai mezani.

“Runinga ilinidanganya kwa kutojua,” alimwambia Mugendi. “Wewe ulinidanganya ukijua. Kukitokea jambo, nataka kulisikia kwako kabla ya saa saba. Hata kama ni baya.”

“Utalisikia.”

“Hata kama ni baya sana.”

“Hata kama ni baya sana.”

“Basi, baba, pokea.”

“Nipokee nini? Majani haya?” Mwirichia alikirudisha kiondo mapajani mwa Mbogo. “Mzee mwenzangu, haya utayatafuna mwenyewe njiani. Nataka kibunda cha kweli, na magari ya mizigo karibu yaondoke na miraa yote ya leo. Mkichelewa, mje mwakani.”

Honi ililia barabarani. Mbogo aliruka na kiondo chake. Kagwiria alivua viatu vya wageni, akavaa raba za shambani, akasema wakienda peke yao watauziwa fagio badala ya miraa. Wote watatu wakatoka mbio. Mugendi alimpita mjomba langoni, akampita mbwa kwenye kona, akakaza mwendo kuelekea sokoni. Lakini Kagwiria alikuwa tayari mbele yake, akiwapazia sauti wauzaji wasifunge.