Viatu vya Bwana Wanyama

Bwana Philip Wanyama, ofisa wa kodi aliyeletwa Amu, mji wa Lamu, kutoka bara, alikuwa amekwisha kujigamba, tena mbele ya Mwalimu Nerea: siku ya Jamhuri mji mzima utamwona akiteleza juu ya maji huku akikokotwa na boti. Nerea alijibu tu, "Tutaona." Kwa Philip, neno hilo lilikuwa nusu ya posa.

Mbao za kutelezea aliachiwa na Mzungu aliyefunga virago baada ya Uhuru. Zilikuwa nzima, ila vishikio vya mpira vya kuingizia miguu vilikuwa vimeoza. Lilikuwapo duka Mombasa la kufunga vipya, lakini Jamhuri haikumngoja. Akazipeleka mtaa wa Mkomani kwa Kamaludin, fundi wa mitawanda, vile viatu vya mti.

"Vua viatu, Bwana, nikupime," Kamaludin akasema kwa majivuno. "Ntakutilia misuruaki, ubane kwa vidole. Nti hii hata biharusi huvaa hivyo."

Philip akavitazama vile vijiti vinavyokaa kati ya kidole gumba na mwenziwe, akaona ametukanwa. Ofisa wa Serikali asimame pekupeku mbele ya kadamnasi, vidole nje kama kuku? Hata! Akabeba mbao zake, akaenda kuzifunga mwenyewe.

Alifanya kazi kwa bidii, na bidii bila akili ni jasho tu. Alikata mikanda ya ngozi, akaipima kwa viatu vyake vyeusi vya ofisini, akaikaza kwa skrubu hata viatu havikutikisika. Kwamba viatu vyenyewe vilimpwaya hakukumbuka. Alivinunua vikubwa makusudi, maana cheo nacho kilikuwa kinakua.

Siku ikafika, gati likafurika watu. Philip akaketi majini na tai yake shingoni, kamba mkononi. Yunusi, mwenye boti, akawasha injini. Kamba ikakaza, viatu vikajaa maji, miguu ikachomoka kama kokwa la embe, na Bwana Kodi akaondoka kwa tumbo. Kamba hakuiachia. Aliona kuiachia ndiyo aibu.

Mbao zikabaki nyuma. Maji yakazisukuma polepole hadi kwenye ngazi za gati, zikatulia pale, viatu juu yake vimekaa sambamba, gidamu zimefungwa vizuri.

Amu, ukikuta viatu vya mwanamume mlangoni, huulizi: mwenyewe yumo. Bi Swafiya, aliyekuwa mbele ya wanawake wote, akaviangalia viatu, kisha akaiangalia bahari.

"Viatu vi mwangoni," akasema. "Mwenyewe u ndani. Tusimsumbue."

Gati zima likaangua kicheko. Yunusi alipomleta Philip ngazini, soksi zikichuruzika, yeye alimtafuta Nerea tu. Hakuwahi kumwona akicheka tangu wajuane. Sasa alikuwa ameshika mbavu, machozi yanamtoka, na Philip akapata tumaini kidogo, maskini.

Nerea akashuka, akavichomoa viatu kwenye mikanda, akamwaga maji, akamkabidhi kwa mikono miwili kama anavyopewa mkubwa.

"Tumeona," akasema, akapanda ngazi kwenda kuketi na Bi Swafiya.