Pini Ishirini na Nne za Tangi la Samaki

Chumba cha nyuma, kile nilichokuwa nikishonea nguo za watu, siku hizi mjukuu wangu anatengenezea matangi ya samaki na visanduku vya kuwekea vitu vya kutazamwa. Si vya kioo. Ni vya akriliki, plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo, ila ukiigonga kwa kucha inalia kibubu.

Babu yake humwita mke mdogo. Basi mimi na binti huyo ni wake wenza, na tunagombana ipasavyo: nani kamwaga chai, nani kaacha unga wa msumeno mlangoni.

Wiki ile hapakuwa na utani. Daktari wa macho alitaka tangi la kuweka wanaposubiri wagonjwa wake, na angelifuata Jumamosi. Mawili yalikwisha kuharibika, maungio yamejaa mapovu kama mate ya mtoto. Akriliki iliyobaki ilitosha tangi moja tu.

"Hili nalo likiharibika, mke mwenzangu, naweka msumeno chini. Sirudii tena."

Sikuipenda sauti ile. Ilikuwa tulivu mno.

Nikamwambia anionyeshe anavyofanya, kwa vipande vya tangi lililoharibika. Ubao wa ubavuni husimamishwa juu ya ubao wa chini, na katikati hupachikwa pini ili ubaki mwanya. Dawa ya kuunganishia, nyepesi kama maji, huingizwa mwanyani kwa bomba la sindano. Unahesabu hadi arobaini, plastiki inalainika, unachomoa pini, ubao unajikalia wenyewe na viwili vinakuwa kimoja. Yeye alishika ubao kwa mkono mmoja na kuchomoa kwa mwingine. Ubao ukatikisika, hewa ikaingia.

"Unahitaji mtu wa kuchomoa," nikasema.

"Si wewe hapo? Pini umezichomoa miaka hamsini."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Siri ya mkono wangu ilijulikana na kikombe tu. Tangu mvua zilizopita mkono wa kulia unatetemeka, na chai nainywa kwa mikono miwili nikisema nasikia baridi. Ningeweza kusingizia macho. Lakini akriliki ilikuwa ya tangi moja.

"Mkono wangu unatetemeka, mwanangu. Nimewaficha."

"Tunajua," akasema Babu kitini kwake, gazeti hakulishusha hata kidogo. "Baridi gani ya saa saba mchana?"

Tukacheka. Niliona aibu, kisha nikaona nafuu.

Mkono wa namna hiyo haufai kushika pini. Lakini uzi je? Nikivuta uzi wa bandi, ule wa kushikizia nguo kwa muda, kitambaa hakijui kama mkono unacheza. Nikaketi na kopo langu la pini, zote unene mmoja, nikafunga kila moja uzi chini ya kichwa. Sita kwa kila ubavu, pande nne. Asubuhi nzima iliishia kwenye mafundo, na hakuna aliyenihimiza.

Mchana akapiga dawa, akashika ubao kwa mikono yote miwili. Nikahesabu kwa sauti. Thelathini na tisa, arobaini. Nikavuta. Mkono ukacheza, uzi ukalegea, ukakaza, ukaumeza mchezo wote. Pini ikatoka taratibu kama mwiba unaotolewa na mama. Ya pili. Ya sita. Ubao ukajikalia. Povu hata moja hukuliona.

"Pumua," nikamwambia.

"Pumua wewe kwanza."

Ijumaa, maungio yamekwisha kukauka, tukatandika gazeti sakafuni, tukaweka tangi juu yake na kulijaza maji. Gazeti halifichi kitu. Tone moja tu, doa.

"La leo hilo!" Babu akalalamika. "Sijasoma hata habari za mpira!"

"Utasoma kesho, mume wetu."

Jumamosi asubuhi tulimkuta Babu kwenye kigoda, ameinamia tangi, anasoma gazeti lililo chini yake kupitia maji. Miwani kaiacha mezani.

"Babu, kuna doa?" Mjukuu wangu alisimama mlangoni, haingii.

"Doa gani? Kukavu! Tena herufi zimenona. Daktari akiweka tangi hili kwake, atauza miwani kwa nani?"

Binti akaketi palepale kizingitini, akacheka hadi machozi. Kisha akauliza kama nyuzi zimebaki, maana kuna mtu anataka kisanduku cha kuwekea saa ya marehemu baba yake.

Nikamimina chai. Nikainywa kwa mikono miwili, na sikusema nasikia baridi.