Matuta ya Bingwa Likwata

Mimi Kidawa sina ugomvi na michezo. Nalisema hilo mapema, maana wapo watu huku Lindi wakiniona tu wananinyooshea vidole: "Yule ndiye aliyeharibu mbio." Sikuharibu mbio mimi. Mbio ndizo zilizotaka kuniharibia muhogo, na mume, na akili yangu juu yake.

Mwaka ule wa sabini na nne walipotuhamisha kutoka mashamba yetu ya zamani wakatumwaga kando ya barabara ya Milola, kijiji kipya kilipewa jina la Juhudi. Maarifa sijui walipewa kina nani. Mikorosho yetu ikabaki kule peke yake, na kurudi ni marufuku, mgambo kasimama njiani. Tukaambiwa tusiwe na hofu, tutalima bega kwa bega: shamba moja kubwa la kijiji, kila kaya na matuta yake humo humo. Haya, tukalima. Matuta marefu, mazuri, yamepangana moja nyuma ya jingine kutoka barabarani mpaka bondeni. Mimi na mume wangu Likwata tukapewa yale ya mwisho kabisa, kule bondeni. Kikabaki kitu kimoja tu, pingili za muhogo za kupanda, nazo tukaambiwa zinakuja na lori. Lori lile mpaka leo liko njiani.

Likwata wakati huo alikuwa tarishi wa kijiji. Baiskeli ilinunuliwa kwa ajili ya kuwapeleka wagonjwa na wajawazito zahanati, lakini asipokuwepo mgonjwa yeye ndiye mwenye nayo. Na alikuwa anaijua, msimnyime haki yake. Alikuwa anaweza kuiinua gurudumu la mbele akapita juu ya gogo, akashuka upande wa pili, na kofia haijaanguka. Mimi nilimpendea hilo, nisidanganye.

Basi siku hiyo akaja bwana mkubwa kutoka mjini kukagua kilimo. Mwenyekiti wetu, Mzee Abilahi, alimtembeza kwenye ofisi, akamtembeza kwenye choo kipya, akamrudisha ofisini, na mwisho akaishiwa mahali pa kumtembeza. Wakafika shambani. Bwana mkubwa akaangalia matuta yale, hayana hata jani.

"Ndugu Mwenyekiti," akasema, "mbona humu hamna kitu?"

Mzee Abilahi akaanza kutoka jasho. Sote tulijua mwenyekiti wa kijiji cha jirani alivuliwa cheo kwa swali kama hilo. Na hapo hapo, jamani, ndipo Likwata alipotokea. Alikuwa katumwa soda za wageni, kachelewa, akaona akizunguka barabarani atachelewa zaidi, akakata katikati ya shamba. Baiskeli inaruka tuta, inatua, inaruka tena, chupa zinalia kwenye mfuko, mtu kajiinamia juu ya usukani meno nje. Mwenyekiti alishafungua mdomo amtukane. Akamwona mgeni anapiga makofi. Mdomo ule ule aliofungulia tusi akasemea hivi:

"Huu, ndugu, ni uwanja. Wa mbio za baiskeli. Huyo ni bingwa wetu."

Ndivyo mume wangu alivyopata kazi.

Bwana mkubwa alifurahi, akaandika, akaondoka. Baada ya wiki ikaja amri kwamba Juhudi itaandaa mbio za matuta sikukuu ya Uhuru, tarehe tisa Desemba, na vijiji vingine vialikwe. Kamati ikakaa. Likwata akapandishwa kutoka tarishi akawa Mwanamichezo wa Kijiji. Haendi kazi za ujamaa, hashiki jembe, na kila mwezi anapata debe la unga wa njano kutoka ghala la kijiji. Baiskeli ikavuliwa keria, madigadi na kengele, iwe nyepesi. Wagonjwa wakaambiwa wafanye mazoezi ya kutembea.

Na sisi tuliobaki? Tukaitwa kuyashindilia matuta. Udongo tulioulainisha kwa majembe tukaupiga kwa michi na kwa miguu mpaka ukawa mgumu, ili magurudumu yasizame. Nilimuuliza Mzee Abilahi, kwa adabu zote.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, bibie."

"Muhogo tutapanda wapi?"

"Baada ya mbio, mwanangu. Mbio zenyewe ni siku moja tu."

Siku moja! Tarehe tisa Desemba tulijipanga barabarani tangu asubuhi tukiimba, mgeni rasmi asitokee. Ikaletwa habari kwamba atakuja mwaka mpya. Mwaka mpya akapata udhuru. Ikasemwa basi atakuja tarehe tano Februari, sikukuu ya Azimio. Watu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu wetu tuliona kabisa anakuja wenyeji tuzikwe.

Maana mvua ilikuwa inanyesha, nyie! Mvua ya kupandia, ile yenyewe. Inanyesha juu ya matuta matupu, inayabomoa, sisi tunayainua na kuyashindilia upya. Majani yakaota, tukaamrishwa kupalilia. Wallahi nawaambia, wanawake wa Juhudi tulipalilia matuta ambayo hayakupandwa kitu. Nani aliwahi kusikia? Na pingili zangu mwenyewe, nilizozifuata kwa shangazi yangu kule Rondo nikazibeba kichwani, zimelala nyuma ya nyumba chini ya majani makavu, zinaanza kuchipua zenyewe kwa hasira. Mvua ikikatika kabla hazijaingia ardhini, mwaka wetu umekwisha. Na lile debe la unga lilishakuwa nusu debe, na mwezi wa Januari likawa ahadi.

Nilimwambia Likwata. Alikuwa kakaa mlangoni anafuta spoku kwa kitambaa changu cha kichwani.

"Mume wangu, tutakula nini?"

"Nikishinda nitachukuliwa timu ya mkoa," akasema. "Huko wanakula wali kila siku."

"Na sisi?"

"Nitawaletea."

"Utatuletea wali kwa baiskeli isiyokuwa na keria?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Niliona uchungu, kwa sababu alikuwa mtu mzuri, wamempa cheo tu kikamlevya. Alikuwa anatembea mikono nyuma kama mkaguzi, na watoto wanamwita Bingwa, na yeye anaitika.

Siku mbili kabla ya mbio niliamka alfajiri, nikachukua jembe, nikaenda bondeni. Matuta yetu yale ya mwisho nikayachimbua. Udongo ulishakuwa mgumu kama sakafu ya msikiti, nikaupiga mpaka ukalainika. Nikapanda pingili zote, nimezilaza vizuri, vichwa tu ndivyo vinavyochungulia. Hakuna aliyeniona. Kamati haijawahi kuamka alfajiri.

Asubuhi ya mbio, Likwata akiwa anajaza upepo, nikamwambia kila kitu. Pampu ikasimama.

"Kidawa! Mwisho wa uwanja? Pale ndipo ninapomalizia!"

"Najua."

"Unaniua, mwanamke."

"Nataka tule. Ukipita juu ya muhogo wangu, Likwata, pitiliza moja kwa moja. Nyumbani usirudi."

Alipanda baiskeli yake akaenda. Nilimpenda, na sikujua kama bado ninaye.

Mgeni rasmi alifika saa saba badala ya saa tatu. Akahutubia. Nyuma yake walitundika kitambaa kikubwa kimeandikwa KILIMO NI UTI WA MGONGO, na yeye akatueleza utamu wa kilimo kwa muda mrefu hivi kwamba waendeshaji wawili walisinzia juu ya baiskeli zao. Akasema asiyelima na asile. Akasema adui wa taifa ni anayeacha ardhi bure wakati wa mvua. Tukapiga makofi, nasi tumesimama pembeni ya ekari zote zile za matuta matupu. Mzee Abilahi alipiga kuliko wote.

Filimbi ikalia.

Walikuwa kumi na wawili, kutoka Kilwa Kivinje mpaka Rondo. Mkali wao alikuwa Andrea wa Rondo, kijana mrefu mwenye miguu kama ya korongo. Lakini Likwata, mwenyewe ndiye yule! Aliondoka kama kafukuzwa na nyuki. Tuta la kwanza, la pili, la tatu, hagusi mifereji, anatua kwenye mgongo wa tuta na kuruka mwingine. Uwanja mzima unapiga kelele, Bingwa! Bingwa! Hata mimi nikajikuta napiga kelele, Mungu anisamehe. Andrea yuko nyuma yake mbali, wengine ndiyo hawasemeki.

Akafika bondeni. Utepe uko mbele, mgeni rasmi keshasimama kitini. Na Likwata akafunga breki.

Baiskeli ikayumba, ikasimama mbele ya tuta langu la kwanza. Akashuka. Akailaza baiskeli njiani, akasimama mbele ya muhogo, mikono kaitanua, kama mtu anayezuia mbuzi.

"Zungukeni!" akapiga kelele. "Zungukeni jamani, pamepandwa!"

Watatu wa kwanza hawakuwahi kuzunguka, wakarundikana juu ya baiskeli ya kijiji, mmoja akamgonga Likwata goti. Andrea, huyo ana akili, alijibwaga pembeni, akaitia baiskeli yake begani, akakimbia kando ya shamba na kukata utepe kwa miguu. Ndiye aliyeshinda mbio za baiskeli.

Likwata akaletwa mbele ya mgeni rasmi, goti linachuruzika damu. Nilisukuma watu mpaka nikafika karibu.

"Ndugu," mgeni rasmi akamuuliza, "umesimama kwa nini na ushindi ulikuwa wako?"

"Ndugu Mgeni Rasmi, pale pamepandwa muhogo."

Mgeni rasmi akageuka polepole kwa mwenyekiti. Uso umebadilika.

"Nani," akasema, chini ya kitambaa kile kile, "nani aliyepanda muhogo uwanjani?"

"Mimi," nikasema.

Hakuniangalia hata. Kamati iliitwa pembeni, ikanong'ona, ikarudi. Mzee Abilahi akasoma hukumu kwa ile sauti yake. Kwamba Ndugu Likwata amekiaibisha kijiji mbele ya mgeni. Kwamba kuanzia leo anavuliwa cheo cha Mwanamichezo. Kwamba ananyang'anywa baiskeli. Na kwamba, ili iwe fundisho kwa vijana wote wa mkoa huu, atapewa adhabu kali kuliko zote: kesho asubuhi yeye na mkewe wakalime.

Watu wakaguna. Wanawake wakamsikitikia, wengine wakafuta machozi. Andrea wa Rondo alimshika bega akamwambia, "Pole sana, kaka."

Likwata alinitazama, na mimi nikamtazama. Kisha nikapiga vigelegele, peke yangu, mpaka koo likakauka.